Uwanja wa shule umezungushiwa mabati: mwongozo wa kutetea ardhi ya umma Kenya

Jumamosi moja asubuhi tulikuta bikoni, yaani alama ya mpaka ya mpima ardhi, imepandwa katika uwanja wa shule ya msingi mtaani kwetu, hatua tatu tu kutoka kwenye goli. Saruji ilikuwa bado mbichi. Mtoto mmoja alikuwa ameshaikanyaga, na alama ya kiatu chake ikabaki pale. Kando yake palikuwa na rundo la mabati mapya na vijana wanne waliosema wametumwa na "mwenye ploti". Mwalimu mkuu hakujua lolote. Mwenyekiti wa bodi ya shule naye hakujua. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na nambari ya ardhi ile kwenye karatasi, na hilo ndilo lililotuumiza zaidi, kwa sababu tulikaa wiki sita tukipiga kelele huku mikono mitupu.

Ninaandika haya ili wewe usipoteze wiki hizo sita. Mfano wangu ni uwanja wa shule, lakini njia ni ile ile kwa ardhi ya zahanati, soko, makaburi, kingo za mto, barabara ya kuingia ufuoni au bustani ya mtaa.

Anza na aliyenyang'anywa

Ukiingia ofisini na kusema "ardhi yetu imenyakuliwa", utaambiwa huo ni mzozo wa ardhi, nenda kwa msajili. Msajili atakwambia nenda mahakamani. Mahakamani utaulizwa wewe ni nani na ploti inakuhusu nini. Nimeuona mzunguko huo kwa macho yangu, na umewachosha watu wengi wema wakarudi nyumbani.

Kwa hiyo, kabla hujamtaja mnyakuzi, andika nani amepoteza nini. Wanafunzi wangapi walikuwa wakicheza pale? Darasa lililopangwa kujengwa pale sasa litajengwa wapi? Akina mama wangapi walikuwa wakikata njia pale kwenda kliniki? Kisha weka kila hasara chini ya haki yake katika Katiba ya 2010. Elimu, afya, makazi, maji na chakula viko katika Kifungu cha 43. Mazingira safi na salama ni Kifungu cha 42. Haki za mtoto, pamoja na sharti kwamba maslahi yake yatangulie katika kila jambo linalomhusu, ni Kifungu cha 53. Kifungu cha 62 ndicho kinachoeleza ardhi ya umma ni ipi, na kinasema wazi kwamba serikali ya kaunti au ya kitaifa huishikilia kwa dhamana, kwa niaba ya wananchi. Anayeshika mali kwa dhamana hana ruhusa ya kuigawa kama zawadi.

Ufisadi unaingia hapo hapo. Ploti ya umma haihami yenyewe. Lazima kuna aliyechora ramani, aliyetia sahihi, aliyeficha faili na aliyelipwa. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003 na kukabidhi ripoti yake 2004, ilikadiria kwamba hatimiliki haramu zipatazo 200,000 zilitolewa kati ya 1962 na 2002. Kila moja ilipita mikononi mwa mtumishi wa umma. Ndiyo maana malalamiko yako lazima yawe na pande mbili kila unapoyaandika: haki iliyovunjwa, na mamlaka iliyotumiwa vibaya kuivunja. Ukiandika upande mmoja tu, ofisi moja itakutuma kwa nyingine.

Hatua ya kwanza: hifadhi ushahidi, na bikoni usiing'oe

Hasira itakuambia uing'oe. Tulia. Kuharibu alama za upimaji ni kosa la jinai, na hakuna kitu mnyakuzi atakachopenda kuliko kukuona wewe ukiwa mshtakiwa wa kwanza. Piga picha ya bikoni, ya nambari iliyochongwa juu yake kama ipo, ya mabati, ya bango, ya nambari za magari. Washa huduma ya mahali kwenye simu ili picha zibebe eneo na saa. Fungua daftari uandike tarehe, saa, nani alikuwepo na alisema nini. Waombe wazee wawili au watatu waliokaa hapo tangu zamani waandike maelezo yao na kutia sahihi: shule ilianza lini, nani alitoa ardhi, mpaka ulipita wapi.

Picha yetu ya ile alama ya kiatu kwenye saruji mbichi ilikuja kutusaidia sana, kwa sababu upande wa pili ulidai kwamba bikoni zilikuwa pale miaka mingi.

Hatua ya pili: tafuta karatasi

Hapa ndipo kesi nyingi hushindwa au kupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Unahitaji kwanza nambari ya kipande cha ardhi. Kama shule haina, mtafute mpima ardhi mwenye leseni au nenda ofisi ya upimaji ya kaunti uonyeshwe eneo hilo kwenye ramani. Mpima mmoja mwenye moyo wa kujitolea ana thamani kuliko mikutano kumi ya hadhara. Mwombe akulinganishie ramani ya sasa na ya zamani. Ikiwa uwanja uliokuwa kipande kimoja sasa umekatwa viwili, uliza mgawanyo huo uliidhinishwa lini na kwa barua ya nani.

Ukishapata nambari, fanya utafutaji rasmi, au sachi kama wengi wetu tunavyoiita. Ardhi iliyoingizwa katika mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa Aprili 2021 na kuanzia Nairobi, hutafutwa mtandaoni. Kwingine unakwenda kwenye masjala ya ardhi ya eneo hilo. Lipa ada rasmi tu na uchukue risiti. Ukiambiwa faili "haionekani" mpaka utoe chai, usitoe. Chini ya Sheria ya Hongo ya 2016 anayetoa ana kosa sawa na anayepokea, na zaidi ya hapo, utakuwa umelisha mdomo ule ule uliokula uwanja wa watoto. Andika jina la afisa na saa, kisha peleka ombi kwa maandishi kama nitakavyoonyesha chini.

Matokeo ya sachi yasome polepole. Tazama tarehe ya usajili wa kwanza na jina la mgawiwa wa kwanza. Tazama ardhi imeuzwa mara ngapi na kwa haraka gani. Ploti iliyobadilisha mikono mara tatu ndani ya miezi michache aghalabu inasafishwa, ili mwenye nayo wa mwisho aonekane mnunuzi asiye na hatia. Omba pia nakala ya kadi ya kijani pale masjala inapotumia kadi hizo, kwa sababu historia yote ya usajili imeandikwa humo mstari kwa mstari.

Mnyakuzi akikuonyesha barua ya ugavi, ile inayoitwa alotimenti, usitishike. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema barua ya ugavi peke yake haimpi mtu umiliki wa ardhi.

Kuna mtego mmoja ambao watu wengi hawaujui. Katika miji yetu, kampuni inapokata shamba kubwa kuwa ploti za kuuza, hutakiwa kuacha sehemu kwa matumizi ya umma: shule, barabara, uwanja. Sehemu hiyo huonekana kwenye ramani ya mgawanyo lakini mara nyingi haisajiliwi kwa jina la taasisi yoyote ya umma. Inabaki yatima. Baada ya miaka kumi au ishirini mtu mjanja anakuja kuiomba kana kwamba ni ardhi isiyo na mwenyewe. Kama shule yako ilianza hivyo, karatasi unayoitaka ni ile ramani ya awali pamoja na masharti ya kuidhinisha mgawanyo. Itafute katika idara ya mipango ya kaunti.

Soma pia Gazeti Rasmi la Serikali. Mtu anapodai hatimiliki imepotea, msajili hutangaza humo na kutoa siku 60 za kupinga kabla ya kutoa nyingine. Tangazo la namna hiyo kuhusu ardhi ya umma ni king'ora.

Hatua ya tatu: dai habari kwa barua

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaeleza namna. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Asiyeweza kuandika ana haki ya kusaidiwa na afisa kuliweka ombi lake kwenye maandishi. Huhitaji kueleza sababu za kutaka habari. Barua yetu ya pili, iliyojibiwa, ilikuwa fupi kuliko ya kwanza. Iliandikwa hivi:

*"Mimi ni raia wa Kenya. Chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba nakala za hati zifuatazo kuhusu kipande cha ardhi nambari (andika): 1. ramani ya awali ya mgawanyo na masharti yake, 2. barua ya ugavi na kumbukumbu za kikao kilichoidhinisha, 3. idhini ya kubadilisha matumizi ya ardhi, kama ipo, 4. majina ya maafisa waliotia sahihi. Naomba jibu ndani ya muda uliowekwa na sheria."*

Barua yetu ya kwanza ilikuwa na kurasa tatu za malalamiko na haikutaja hata hati moja. Ikakaa.

Peleka nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na ubaki nayo. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Ikikataa au ikinyamaza, una siku 30 za kupeleka suala hilo kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ombudsman. Ukimya wa ofisi nao ni ushahidi. Uweke kwenye faili.

Hatua ya nne: zuia kabla jengo halijainuka

Usisubiri majibu yote. Ghorofa likishafika paa, hata hakimu mwenye huruma huona uzito wa kuamuru libomolewe. Siku ile ile uliyoona mabati, andika barua tatu. Moja kwa msajili wa ardhi, ukimwomba aweke kizuizi kwenye rejista ili ardhi isiuzwe wala kuwekwa rehani wakati uchunguzi unaendelea. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inamruhusu kufanya hivyo ili kuzuia udanganyifu. Ya pili kwa idara ya mipango ya kaunti, ukipinga kibali cha ujenzi au ubadilishaji wa matumizi. Ya tatu kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ukiuliza kama kuna leseni ya mazingira. Ukiona bango la kubadilisha matumizi limesimikwa pale, soma siku zilizoandikwa za kupinga na usizipitishe.

Hatua ya tano: peleka malalamiko panapostahili

EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi, inachunguza ufisadi wenyewe, na ina uwezo wa kwenda mahakamani kudai mali ya umma irudishwe. Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003 inahesabu kupata mali ya umma kwa njia haramu kuwa kosa, na inamlinda mtoa habari asitajwe. Unaweza kuripoti bila kutoa jina. Wape karatasi zilizopangwa kwa tarehe, na ukurasa mmoja mbele unaosimulia kisa. Mchunguzi ana mafaili mengi. Lililopangwa vizuri husomwa mapema.

Tume ya Taifa ya Ardhi ndiyo inayosimamia ardhi ya umma kwa mujibu wa Katiba, kwa hiyo lazima ipate barua. Lakini usitundike matumaini yote hapo. Sheria yake ya 2012 iliipa miaka mitano tu ya kukagua hatimiliki za ardhi ya umma zilizotolewa visivyo, na miaka hiyo ilikwisha 2017. Sheria hiyo ilirekebishwa 2025, kwa hiyo waulize mamlaka yao ya sasa.

Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu nayo iandikie, ukiweka mbele ile orodha ya watu waliopoteza. Bunge la kaunti hupokea maombi ya wananchi, na ombi likisomwa ukumbini huingia kwenye kumbukumbu ambazo hakuna karani anayeweza kuzificha. Chifu na mwakilishi wadi wajulishe kwa maandishi, hata kama unashuku wanajua zaidi ya wanavyosema. Barua iliyopokelewa huondoa ule utetezi wa "hatukuambiwa".

Hatua ya sita: mahakamani

Watu wanaogopa mahakama kwa sababu ya gharama na kwa sababu hatimiliki inaonekana kama ukuta usiovunjika. Hofu hizo mbili nizijibu kwa urefu.

Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kufungua kesi ya haki kwa maslahi ya umma, na kinasema hakuna ada itakayotozwa kwa kuanzisha kesi ya aina hiyo. Kanuni za 2013 za kesi za haki zinairuhusu mahakama kupokea hata barua ya kawaida au ombi la mdomo. Ikiwa hoja ni mazingira, Kifungu cha 70 hakikutaki uthibitishe kwamba wewe binafsi umepata hasara. Kesi za ardhi husikizwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Hata hivyo sikushauri uende peke yako kama kuna njia nyingine: uliza Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, au vituo vya msaada wa kisheria vya vyuo vikuu. Ombi la kwanza liwe amri ya muda ya kusimamisha kila kitu, na kesi nzima ifuate.

Kuhusu hatimiliki: Kifungu cha 40 kinalinda mali ya kila mtu, lakini kifungu kidogo cha 6 kinasema ulinzi huo hauifikii mali iliyothibitika kupatikana kinyume cha sheria. Sehemu ya 26 ya Sheria ya Usajili wa Ardhi inaruhusu hatimiliki kupingwa ikiwa ilipatikana kwa udanganyifu, bila kufuata utaratibu, au kwa njama za kifisadi. Na mwaka 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, iliyohusu ardhi ya ufuoni Nyali ambayo kaunti ilibomoa ukuta wake 2017 ili kufungua njia ya kwenda baharini, Mahakama ya Juu iliamua kwamba ikiwa ugavi wa kwanza ulikuwa haramu, aliyenunua baadaye hawezi kujificha nyuma ya kutokujua. Mzizi ukiwa umeoza, matawi hayana uhai. Ukisikia "mimi nilinunua kihalali", itaje kesi hiyo.

Akidai amekaa pale zaidi ya miaka 12, mjibu kwamba Sheria ya Ukomo wa Muda wa Kufungua Kesi hairuhusu mtu kujipatia ardhi ya serikali kwa kukaa muda mrefu.

Maandamano na usalama wenu

Tarehe 19 Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walirudi baada ya mgomo wa walimu wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Walipoandamana, polisi waliwarushia vitoa machozi. Picha za watoto wale wenye sare wakilia zilizunguka dunia nzima, na serikali ikalazimika kuchukua hatua. Bado nasema: msiwaweke watoto mbele. Uwanja walinyang'anywa na watu wazima, na ni kazi ya watu wazima kuurudisha.

Kifungu cha 37 kinawapa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Mpeni OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, notisi ya maandishi si chini ya siku tatu na si zaidi ya 14 kabla ya siku yenyewe, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Chagueni wasemaji watatu, asiwe mmoja, kwa sababu msemaji mmoja ni rahisi kununuliwa au kutishwa. Nakala za faili zikae nyumba tatu tofauti na moja mtandaoni. Vitisho vyote, hata vya simu isiyo na jina, viripotiwe kituoni na mpate nambari ya OB, daftari la matukio la polisi. Msizichukulie ahadi za mnyakuzi za "kujengea shule vyoo" kama suluhu. Nilimwona mwenyekiti mmoja akikubali vyoo vinne, na saini yake ikatumika mahakamani kama idhini ya jamii.

Wanaosema hakuna anayeshinda wakumbushwe Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira. Mwaka 1989 alipinga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, na halikujengwa. Januari 1999 yeye na wenzake walipigwa na walinzi walipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura, Nairobi. Leo msitu ule umesimama na familia hutembea ndani yake kila wikendi.

Mkisharudishiwa

Siku uzio unapoondolewa, kazi ya makaratasi inaanza upya. Uwanja usiosajiliwa utanyakuliwa tena, pengine na mtu mwingine. Ombeni hatimiliki itoke kwa jina la shule au la taasisi ya umma inayoishikilia kwa niaba yake, na msikubali jina la mtu binafsi hata awe mlezi mwaminifu. Hati halisi iwekwe mahali salama panapojulikana na bodi nzima. Fanyeni sachi kila mwaka. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na wakili.

Mwite mpima wa serikali asimike bikoni upya mbele ya wazazi, kisha zungukeni mpaka pamoja na wanafunzi wa madarasa ya juu, kona baada ya kona. Nambari za bikoni ziandikwe katika daftari la mali ya shule, kwenye ukurasa ambao mwalimu mkuu anayeondoka atausoma na kuutia sahihi pamoja na anayeingia.